Mradi unaokufa likizoni: chuo na majirani zake waanze vipi upya?

Swali la msomaji, kwa ufupi: Mkufunzi wa chuo cha ufundi anaeleza kwamba miaka mitatu iliyopita chuo chake kilianza ushirikiano na makazi ya kaya 40, watu 200 hivi, yaliyo bondeni chini ya chuo. Walijenga tangi la lita 10,000 la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la ukumbi wa wakazi, wakapanda miche 600 na kufunga kituo kidogo cha hali ya hewa chenye vihisi vya kielektroniki. Leo koki ya tangi imevunjika, miche iliyo hai haifiki 50 na kituo kimezimika. Makazi hayo hupata kiangazi cha miezi minne hivi, na kila baada ya miaka michache hufurika. Sasa mkuu wa chuo anataka mradi mkubwa zaidi, wa umeme wa jua. "Tulikosea wapi," anauliza, "na tuanzeje safari hii ili mradi udumu?"

Mwalimu, asante kwa kuandika bila kuficha kilichoharibika. Nitalijibu swali lako kwa kurefusha, kwa sababu makosa yenu ni ya kawaida sana na karibu yote yanarekebishika kabla hamjanunua kitu kipya hata kimoja.

Chukua karatasi kubwa uigawe miezi 12. Juu andika kalenda ya chuo: mihula, mitihani, mafunzo kwa vitendo, likizo. Chini andika kalenda ya bondeni: mvua zinaanza lini, kupanda, palizi, mavuno, miezi chakula kinapopungua, majira ya homa na kuhara, miezi ambayo mto hujaa. Kalenda ya chini msiijaze ninyi. Waulizeni wakazi, tena kwa makundi tofauti: wanawake wanaochota maji peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, kila kundi watu 8 hadi 12. Majibu yatapishana, na hapo yanapopishana ndipo pa kusimama mkauliza zaidi.

Mara nyingi karatasi hiyo inaonyesha jambo moja. Wanafunzi hushuka bondeni wakati wakazi wako shambani, na huondoka wakati kazi ya mradi ndiyo kwanza inaanza. Gata, yaani mifereji ya paa, zinatakiwa kusafishwa wiki mbili kabla ya mvua za kwanza. Chuo kiko kwenye mitihani. Miche inatakiwa kumwagiliwa na kulindwa katika kiangazi cha kwanza, chuo kimefungwa. Koki inavunjika, aliyeifunga alishahitimu. Kwa hiyo swali la kwanza la mradi wowote mtakaoufikiria ni hili: katika wiki ya tatu ya likizo ndefu, chombo kikiharibika, nani mwenye spana, anajua kuitumia, na ana haki ya kuitumia bila kupiga simu chuoni? Kama jina halipatikani, mradi bado haujawa tayari, hata kama fedha zipo.

Tangi lilishindwa kwa hesabu kabla ya koki kuvunjika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye funzo kubwa zaidi katika barua yako.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la bati hupoteza kiasi kwa maji kuruka, kukauka na kumwagika, kwa hiyo zidisha kwa 0.8. Tuseme paa la ukumbi wa wakazi ni mita za mraba 120 na mvua ya mwaka ni milimita 700 (weka namba zenu halisi): 120 × 700 × 0.8 ni lita 67,200. Yaani tangi lenu linajaa baada ya milimita 104 za mvua, na maji mengine yote ya mwaka yanamwagika chini. Maji hayo ya ziada yanahitaji bomba la kutokea lenye kipenyo sawa na lile la kuingilia, na yaelekezwe mbali na msingi wa jengo, kwenye mtaro wa kuyanywesha ardhini au kwenye mashimo ya miti. Yakiachwa yaanguke popote yatachimba chini ya kitako cha tangi. Tangi la lita 10,000 likijaa hubeba uzito wa tani 10 za maji, na kitako kikizama upande mmoja, bomba la chini ndilo linalokatika kwanza.

Sasa gawanya lita 10,000 kwa siku 120 za kiangazi: lita 83 kwa siku. Gawanya tena kwa watu 200: chini ya nusu lita kwa mtu. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ya dharura duniani, vinaweka lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha kunywa, kupikia na usafi. Kwa kipimo hicho tangi lenu lingetosha watu watano, nyumba moja. Kama siku ya uzinduzi wakazi waliambiwa kwamba shida ya maji imekwisha, basi waliona wenyewe likikauka ndani ya wiki moja, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitunza koki. Watu hawatunzi kitu kisichowafaa, na hilo si uzembe.

Lakini lipime tangi hilohilo kwa kazi nyingine. Mto unapofurika, visima vifupi huingiwa na maji ya vyoo, na kwa siku kadhaa hakuna maji salama ya kunywa. Mtu anahitaji lita 3 hivi kwa siku za kunywa. Watu 200 ni lita 600. Lita 10,000 zinawafikisha siku 16. Tangi ambalo ni mzaha kama chanzo cha kila siku ni akiba ya wiki mbili na zaidi wakati wa mafuriko, na mafuriko huja wakati wa mvua, tangi linapokuwa limejaa. Huo ndio ustahimilivu: kujua kifaa kidogo kinaweza kubeba nini, na kukiahidi hicho tu. Pendekezo langu ni kwamba mrudi bondeni na hesabu hii, muiandike mbele ya watu ubaoni, kisha muwaachie wao waamue: akiba ya dharura, maji ya kunywa ya watoto wa chekechea, au kitalu cha miche. Vyote vitatu kwa pamoja haviwezekani.

Wakichagua akiba ya kunywa, kazi za kiufundi ni hizi, na nyingi zinaweza kuwa zoezi halali la darasani.

Gata ziwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, zisilale bapa wala kuwa na tumbo katikati. Mahali palipobonyea ndipo majani huoza na mbu huzaliana. Maji ya kwanza ya kila mvua hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na majani, kwa hiyo yatupwe. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, na maradufu kama eneo lina vumbi jingi au mvua imekawia. Kwa paa la mita 120 hiyo ni lita 60 hadi 120. Wengi hufunga kipande cha bomba la kipenyo cha milimita 100, urefu wa mita moja, wakaamini wamemaliza. Bomba hilo linabeba lita 8 tu. Tumieni pipa la plastiki. Chini yake toboeni tundu dogo linalodondosha polepole ili pipa lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata, na wekeni kifuniko kinachofunguka kwa mkono, kwa sababu tundu hilo litaziba. Likiziba, pipa hubaki limejaa, na uchafu wa mvua inayofuata hupita moja kwa moja hadi kwenye tangi.

Tangi lisipitishe mwanga, la sivyo mwani utaota. Kila mwanya, pamoja na mdomo wa bomba la maji ya ziada, uzibwe kwa wavu wa mbu usioshika kutu. Mdomo wa kutolea maji uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Koki iwe juu kiasi cha ndoo kusimama chini yake. Koki iliyo chini sana huvutwa na kupindwa kila mtu anapoinamisha chombo, na nadhani hivyo ndivyo yenu ilivyovunjika. Paa lililopakwa rangi yenye risasi, au lililoezekwa kwa vigae vya asbesto vinavyomomonyoka, lisitumike kwa maji ya kunywa. Klorini haiondoi risasi.

Dawa: kwa lita 10,000 za maji maangavu lengo ni miligramu 2 za klorini kwa lita, jumla gramu 20. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utahitaji gramu 31 hivi. Dawa ya majimaji ya kung'arishia nguo, yenye klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato wala sabuni itahitaji mililita 400. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya unga, na uchanganyaji ufanyiwe mahali penye hewa, kwa glavu na miwani. Acheni tope litulie kabla ya kumimina kwenye tangi. Baada ya nusu saa ya kuchanganyika pimeni klorini inayobaki: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikiwa haifiki 0.2, maji yana uchafu unaoimeza dawa; ongezeni kidogo na mpime tena. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana vijidudu hujificha kwenye tope. Unga wa klorini hupoteza nguvu ukikaa kwenye joto, hivyo kopo liandikwe tarehe ya kufunguliwa na liwekwe pakavu, mbali na mafuta na mbali na watoto.

Mwisho wa haya yote ni ufunguo. Akiba isiyo na kufuli itaisha kabla ya mafuriko. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wa kaya tofauti, wote wakazi, hata mmoja asiwe chuoni.

Spana ikae bondeni

Andaeni sanduku moja la chuma. Ndani: koki mbili za akiba, washa (pete za mpira za kuzuia kuvuja) za kutosha, utepe wa kufungia maungio, gundi ya bomba, msumeno, spana mbili za bomba, kipande cha wavu, kufuli la ziada, daftari na kalamu. Sanduku hilo likae bondeni. Vyuo vingi huliweka karakana "kwa usalama", na karakana hufungwa likizo.

Wafundisheni wakazi wanne, wawili vijana na wawili watu wazima. Vijana huhama wakitafuta kazi. Mkifundisha vijana pekee, baada ya miaka miwili hamna fundi. Mafunzo yenyewe yasiwe maonyesho. Mkufunzi alegeze koki kwa makusudi, aondoe washa, kisha aweke mikono nyuma akiangalia hadi mkazi amalize kurekebisha mwenyewe, hata kama itachukua saa moja. Rudieni mara tatu kwa siku tofauti.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila hitilafu iandikwe: tarehe iliyogunduliwa, tarehe iliyotengenezwa, kilichotumika, jina la fundi. Kati ya vipimo vyote mnavyoweza kuvikusanya, hiki cha siku kati ya kuharibika na kutengenezwa ndicho ninachokiamini kuliko vingine, kwa sababu kinapima watu, vipuri, fedha na mawasiliano kwa mpigo.

Fedha za matengenezo ziwe zao. Kama kanuni ya kuanzia, tengeni kila mwaka si chini ya asilimia 5 ya gharama ya ujenzi. Ikiwa michango ya kaya na mchango wa kudumu wa chuo haviwezi kufikia hapo, chombo hicho ni kikubwa kuliko uwezo wa kukitunza, na kipunguzwe. Afadhali kujua hivyo sasa.

Sheria za matumizi watunge watumiaji. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyotunza misitu, maji ya umwagiliaji na samaki wanaovitumia kwa pamoja. Alionyesha kwamba mifumo iliyodumu ilikuwa na mipaka iliyo wazi ya nani anahusika, sheria zinazolingana na mahali, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda hatua kwa hatua. Ukurasa mmoja unatosha: nani anachota, lini, kiasi gani, anayevunja mara ya kwanza afanywe nini, mara ya pili je, na mgogoro unapelekwa kwa nani. Faini kubwa ya siku ya kwanza haitozwi na mtu yeyote, hivyo sheria nzima inakufa.

Nani ana uwezo wa kusema hapana

Mwaka 1969 Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki yenye vidato 8. Kidato cha 3 ni kupewa taarifa, cha 4 kuulizwa maoni, na ubia wa kweli unaanzia cha 6, pale madaraka yanapogawanywa. Mikutano mingi ya vyuo huishia cha 4, ingawa hati zake zimeandikwa "ubia". Kipimo chepesi: wakazi wakikataa, mradi unasimama? Kama haijawahi kutokea hata mara moja kwamba wazo la chuo likakataliwa na likaachwa, wakazi wenu bado wanaitikia kwa adabu tu.

Makubaliano ya maandishi yawe kurasa mbili au tatu, kwa lugha inayozungumzwa bondeni, yasomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya kutiwa saini. Yaseme chombo ni mali ya nani tangu siku ya kwanza. Yaseme fedha zinakaa akaunti gani na watia saini ni nani wa pande zote mbili. Yaseme takwimu na picha ni za nani, na kwamba matokeo ya utafiti wowote yatarudishwa kwa wakazi kwa namna wanayoielewa kabla hayajachapishwa. Picha ya mtu isitumike kwenye bango la chuo bila ridhaa yake. Yaseme mkazi anayetoa siku nzima kuongoza wanafunzi analipwa, kama vile mtaalamu wa nje angelipwa. Na yawe na kifungu cha kuachana: upande mmoja ukitaka kujitoa, taarifa ni ya miezi mingapi, vifaa vinabaki wapi, madeni yanalipwa na nani. Watu huona aibu kuandika kifungu hiki mwanzoni. Kiandikeni mapema, wakati bado mnapendana.

Ndani ya chuo nako kuna kazi. Kundi zima la wanafunzi likiingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja, kumbukumbu hufutika kila mwaka. Panga ili theluthi moja tu iwe wapya kila muhula, na wiki mbili za mwisho za muhula ziwe za makabidhiano bondeni, mwanafunzi anayeondoka akiwa na anayeingia, mbele ya mkazi mwenye daftari. Sehemu ya alama, mathalani asilimia 30, itolewe na wakazi kwa vigezo walivyokubali: alifika alivyoahidi? Alisikiliza? Alichojenga kinafanya kazi? Na kazi hii ihesabiwe kwenye upandishaji vyeo wa wakufunzi. Isipohesabiwa, itabaki kubebwa na mtu mmoja mwenye moyo, na siku akihamishwa ushirikiano unahama naye.

Ukiniuliza fedha za kwanza ziende wapi, nitasema kwa mratibu mmoja anayeishi bondeni, anayelipwa miezi yote 12. Marekani iliona jambo hili zamani. Sheria ya Morrill ya 1862 ilitoa ardhi kwa ajili ya vyuo vya kilimo na ufundi, lakini elimu ilibaki kwa kiasi kikubwa ndani ya kuta zake. Sheria ya Smith-Lever ya 1914 ndiyo iliyoweka mfumo wa kitaifa wa maofisa ugani wanaofanya kazi wilayani kati ya wakulima, wakiunganishwa na vyuo hivyo. Uholanzi, kuanzia miaka ya 1970, vyuo vikuu vilifungua ofisi ambako vikundi vya raia huleta maswali yao, na watafiti na wanafunzi huyafanyia kazi. Katika mfumo huo swali linatoka nje linaingia chuoni. Ofisi ya namna hiyo kwenu inaweza kuwa meza moja, siku moja kwa wiki, bondeni.

Miche na kituo cha hali ya hewa

Kwa miche nitakuwa mfupi. Miche 600 iliyopandwa siku moja kwa ajili ya picha ni mingi mno kwa kaya 40. Pandeni baada ya mvua kulowesha udongo hadi kina cha shimo, si siku ya sherehe. Wiki chache kabla ya kuhamisha, punguzeni maji na kivuli kitaluni ili miche ikomae. Kila mti uwe na mwenyewe na ulindwe dhidi ya mifugo. Hesabuni miche iliyo hai mwezi wa 6 na wa 12 baada ya kupanda, na ripoti itaje idadi hiyo tu. Kwenye mteremko unaoshusha maji bondeni, makinga maji ya kontua, yaani yanayofuata mstari wa usawa mmoja wa mteremko, yanayopimwa kwa fremu ya mbao ya umbo la herufi A, yatafanya kazi haraka kuliko miti. Njia ya "fanya juu", ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, imeingia kwenye vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kwa jina lake la Kiswahili, na wanafunzi wenu wapaswa kuijua kwa mikono.

Kituo cha kielektroniki kiacheni kwanza. Badala yake wekeni vipimamvua viwili vya kawaida vinavyosomwa na wakazi kila siku saa 3 asubuhi, umbali kutoka kwenye mti au jengo usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Pakeni vipimo vya kina kwenye nguzo ya daraja au jiwe la mtoni: kijani, njano, nyekundu. Mipaka ya rangi itokane na kumbukumbu za wazee na alama za maji zilizobaki kwenye kuta, kisha irekebishwe baada ya misimu miwili ya vipimo. Njano: wenye funguo wanaamshwa. Nyekundu: watu wanahama bondeni kupanda juu. Ujumbe upite kwa simu, kila mtu akiwapigia watano, lakini pawe na njia ya pili isiyotegemea mtandao, kama ngoma, filimbi au kipaza sauti, kwa sababu minara huzimika usiku huohuo wa mafuriko.

Na wanapopanda, wanapanda kwenda wapi? Chuo kiko juu ya kilima. Hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote mlivyo navyo kwa majirani, na barua yako haikukitaja. Viwango vya Sphere vinataka angalau mita za mraba 3.5 za kulala kwa mtu. Tuseme ukumbi wa chuo ni mita za mraba 300: unatosha watu 85. Kwa watu 200 mnahitaji mita 700, yaani ukumbi huo na madarasa manane ya mita 50. Vyoo: kwa siku za mwanzo tundu 1 kwa watu 50, yaani manne; wakikaa muda mrefu, 1 kwa watu 20, yaani kumi, ya wanawake yakitengwa na ya wanaume, yenye taa na komeo la ndani. Mlinzi wa usiku awe na amri ya maandishi ya kufungua geti kengele ikilia, bila kungoja ruhusa ya mtu aliyelala mjini. Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, moja kati ya hayo katikati ya likizo ndefu. Zoezi la likizo ndilo litakaloonyesha funguo zilizokosekana.

Jiko la chuo

Njia nyingine isiyohitaji mfadhili ni manunuzi yenu. Huko Cleveland, Marekani, ushirika wa Evergreen ulioanzishwa mwaka 2008 ulijengwa juu ya wazo kwamba taasisi kubwa za mji, hospitali na vyuo, zinaweza kununua huduma kutoka kwa kampuni zinazomilikiwa na wafanyakazi wa mitaa jirani. Kampuni ya kwanza ilikuwa ya kufua nguo. Kwenu anzeni na mboga. Tuseme mna wanafunzi 400: kwa gramu 80 kila mmoja, mlo mmoja kwa siku, ni kilo 32 kwa siku. Wakulima 8 wanaweza kuleta kilo 4 kila mmoja, wakipanda kwa zamu kila wiki mbili ili mavuno yasije yote kwa pamoja. Gaweni zabuni vipande vidogo, punguzeni makaratasi, na lipeni ndani ya siku 14. Malipo ya miezi mitatu anayavumilia mfanyabiashara mkubwa. Mkulima mdogo atauza kwa dalali wiki ya pili. Kabla ya kusaini, kubalianeni mboga zitanunuliwa na nani likizoni, au zipandwe kwa hesabu kwamba miezi hiyo hakuna mnunuzi.

Umeme wa jua je?

Mwambie mkuu wa chuo kwamba hukatai, unaomba mpangilio. Paneli hudumu miaka mingi. Betri huchoka mapema zaidi, na betri za risasi na asidi huharibika upesi zikizoeshwa kumalizwa chaji. Mfumo mkubwa kwa watu wasio na fedha ya betri ya pili utakuwa koki nyingine iliyovunjika, ila ya gharama kubwa. Pendekeza sharti hili: katika likizo ndefu mbili mfululizo, kila hitilafu ya tangi na gata itengenezwe ndani ya siku 7, kwa ushahidi wa daftari. Likitimia, anzeni na mfumo mdogo wa taa ya ukumbi na kuchaji simu, ada ya kuchaji ikiingia moja kwa moja kwenye akiba ya betri. Simu zenye chaji ndizo zitakazobeba tahadhari ya mafuriko, kwa hiyo mfumo huo unaungana na kazi iliyokwisha kufanyika.

Miezi miwili ya kwanza, basi, msijenge kitu. Shukeni watu watatu, bila kamera, bila fulana za mradi na bila dodoso. Ombeni radhi kwa tangi. Waulizeni walifanya nini lilipokauka, kwa maana walijisaidia kwa namna fulani, na namna hiyo mnahitaji kuijua. Kwenye mkoba muwe na koki moja, washa, utepe na spana mbili, ili kama wataridhia, koki ifungwe siku hiyohiyo na mkazi, nanyi mkimshikia bomba.